Kahawa ya Mikono

Mtaa wa Buyenzi ulimjua Asiya kwa mambo mawili, ulimi wake na visigino vyake. Ulimi ulikuwa mkali, hilo hata yeye hakulikana, na aliyetaka kuuonja alihitaji tu kumwaga maji machafu mbele ya mlango wake. Lakini visigino! Mwanamke aliyeshinda peku uani, katika lile vumbi letu linalokausha mpaka kope, alikuwa na visigino laini kama vya mtoto ambaye bado anabebwa mgongoni. Waliokuja kumsalimia walianza na uso, wakashuka miguuni, wakasahau walichojia.

Siri haikuwa siri. Mama yake, Mungu amrehemu, alimzoeza tangu msichana kupaka siagi ya ng'ombe miguuni baada ya swala ya isha, na kabla ya alfajiri kuiosha miguu kwa maji ya moto na sabuni. Asiya alifuata vyote viwili miaka nenda miaka rudi bila kuuliza sababu, kwa maana mama yake hakuwa mtu wa kuulizwa sababu.

Vita vilipokwisha kuzoeleka, kama vita huzoeleka, nchi jirani zikafunga mipaka. Watu waliita ambargo. Petroli ikawa kitu cha kunusa tu, na yale mafuta ya kupaka ya kopo yakatoweka madukani. Siagi nayo haikushuka tena kutoka milimani, kwa sababu barabara za huko zilikuwa za kusomea dua. Bujumbura nzima ikaanza kupasuka ngozi. Ndipo Asiya alipojaribu mambo yake.

Alichukua mafuta ya kokwa za mchikichi, yale meusi yanayonuka mpaka jirani afunge dirisha, akayatia katika chupa pamoja na mchaichai na karafuu, na chupa akaziweka juu ya bati zipigwe jua mpaka harufu ya kokwa ikubali kushindwa. Risasi zikilia karibu, aliwaza chupa zake huko juu kabla ya kuwaza kichwa chake. Kisha nta ya nyuki, ile ambayo wauza asali wa soko la Jabe waliitupa au kuwapa washona viatu. Aliichemsha ndani ya maji, akaichuja kwa kanga kuukuu, akaiacha igande juu kama mkate, akakwangua uchafu wa chini. Hapo tena akaiyeyusha taratibu, sufuria ndogo ndani ya sufuria kubwa yenye maji, maana nta ikipewa moto wenyewe huungua na kukunyima hata harufu yake. Kikombe kimoja cha nta, viwili vya mafuta. Vikombe hivyo vilikuwa vile vidogo vya kahawa alivyoachiwa na baba yake, ambaye maisha yake yote aliuza kahawa barabarani na birika lake la shaba, na ndani ya vikombe hivyohivyo alimimina mchanganyiko ugande.

Kilichotoka humo kilikuwa kipande kigumu, rangi ya kahawa ya maziwa, cha kufunga katika pindo la kanga bila kuvujia nguo hata jua liwake namna gani. Ukikisugua mkononi, joto la mwili linakilainisha kidogo tu. Wanawake wakakipa jina. "Mama Hayat," waliita mlangoni, "unipatie kahawa moja ya mikono." Hayat ni binti yake pekee, aliyepelekwa Kigoma kwa shangazi yake mapigano yalipoanza, na Asiya alifurahi kila alipoitwa hivyo, kana kwamba mtoto yumo chumbani.

Sasa nikwambie habari za Hamimu, mume wake, kwa sababu bila Hamimu hakuna kisa.

Hamimu alikuwa fundi wa magari, mrefu, mpole, mtu wa kuinamisha kichwa akipita mlango wowote hata ulio mrefu kuliko yeye. Ujana wake alikuwa akija kwa baba yake Asiya kunywa kahawa, kikombe juu ya kikombe, mpaka mzee akamwambia, kijana, ama umependa kahawa yangu ama binti yangu, na kahawa ya namna hiyo itakuua. Hamimu alileta wazee wake wiki iliyofuata. Tangu hapo hakumwinulia mkewe sauti, na Asiya alizipaza za wote wawili.

Mikono yake ndiyo ilikuwa shida. Oili, chuma, betri, vumbi, na kiangazi cha mwaka ule kilikuja na upepo mkavu. Vidole vilipasuka kwenye viungo, viganja vikafanya mifereji, na ikifika jioni alikuwa hawezi kukunja ngumi. Fundi asiyeweza kukaza spana ni mpita njia tu pale gereji. Hamimu hakulalamika, lakini Asiya alimwona akimega ugali kwa ncha za vidole kama mgeni anayeona haya, na aliogopa. Alishaona wanaume waliokosa kazi katika vita vile. Walikaa mlangoni wakitazama barabara, na mwaka ukiisha walikuwa wazee.

Kwa hiyo kila asubuhi, kabla Hamimu hajatoka, Asiya alimkalisha kwenye kigoda uani, akashika mkono mmoja, kisha wa pili, akaisugua kwa kipande cha nta kidole baada ya kidole. Ungedhani ni dawa tu. Haikuwa dawa tu. Mwaka wa kwanza wa machafuko, mdogo wake Asiya aliyeitwa Ilyasi alipita uani asubuhi akasema, dada, mi naenda Jabe, narudi saa hii. Asiya alikuwa akichagua mchele. Alisema "haya" bila kugeuza kichwa. Ilyasi hakurudi, wala maiti yake haikuonekana. Tangu siku hiyo hapana mtu aliyetoka nyumba ile bila Asiya kumshika. Hakueleza, wala Hamimu hakuuliza. Alikaa kwenye kigoda, akatoa mikono.

Basi mtaa mzima ukapona ngozi isipokuwa mtu mmoja. Mikono ya Hamimu ilizidi kuharibika. Ikawa myekundu, ikachubuka, ikatoa damu mahali ambapo zamani ilipasuka tu.

"Mganga hajigangi," alisema Zubeda, jirani wa ukuta mmoja, mwanamke wa maneno machache lakini yote ya kuchoma. "Mama Hayat, we unatuponyesha siye, na bwana wako anatembea na mikono kama nyama ya buchari. Watu wataanza kuuliza ni nini uko unatia mule."

"Waulize! Mikono yako si imekuwa ya bibi arusi?"

"Imekuwa. Ndo maana nauliza."

Asiya aliingia ndani akafunga mlango kwa kishindo, lakini neno lilikuwa limeingia naye. Akaanza kubadili. Aliongeza karafuu, akapunguza karafuu. Aliweka majani ya mparachichi. Mwisho akaamua kwamba mafuta yanatoka mapema mno mikononi mwa Hamimu kwa sababu ya kazi, na dawa yake ni kuongeza nta. Kikombe kwa kikombe. Ikawa kama kupaka mshumaa. Hamimu akatoa mikono kama kawaida, akasema asante, akaenda kazini. Jioni alirudi hali mbaya zaidi.

Asiya akasema basi nta ya Jabe ndiyo mbovu. Nta safi ilikuwa kwa Méthode, mfuga nyuki wa Carama, ambaye marehemu baba yake Asiya alikuwa akinunua asali kwake. Lakini Carama siku zile hapakuwa mahali pa kwenda kutembea. Pako kaskazini, karibu na Kinama, na upande ule risasi zilisikika hata mchana. Asiya alingoja Hamimu atoke, akafunga nyumba, hakumuaga hata Zubeda, akaenda. Gari lilimfikisha Mutakura tu. Dereva alisema mbele haendi, yeye ana watoto. Akateremka akaendelea kwa miguu kati ya mashamba yaliyoota magugu, akisoma kila sura aliyoijua, na alipozimaliza alianza tena.

Méthode alimpokea kama aliyemwona mfu. Alikuwa amebaki na mizinga michache nyuma ya nyumba. Ile ya mbali aliiacha, kule kulikuwa hakuendeki. Alimpa maji, akamletea donge la nta ya manjano, safi, yenye harufu ya maua.

"Iyi ni ya kweli, mama," alisema. "Ona iyi kamba ya muzinga. Mi naipakaka nta. Mvua inyeshe mwezi muzima, kamba haioze. Mahali nta iko, maji haipite."

"Ni hiyo kabisa natafuta!" Asiya alisema kwa furaha. "Kitu yenye haitoke mikononi mpaka magaribi."

Ukisikia hivyo, wewe uliyekaa mahali pako salama, umeshaelewa. Asiya hakuelewa. Mtu akiwa na wasiwasi wa mtu anayempenda, masikio huchagua.

Alirudi salama, Alhamdulillahi, akayeyusha nta ya Carama jioni ileile. Hamimu alipofika alikuta kazi inaendelea jikoni, hakuuliza nta imetoka wapi. Asubuhi akapakwa, mikono ikang'aa. Asiya aliridhika. Na alivyoridhika hakuweza kungoja jioni. Jua lilipokaribia utosini alijifunga kanga akaenda gereji kuona kama safari hii mafuta yamekaa.

Tajudini, fundi mwenzake Hamimu, alikuwa mlangoni juu ya ndoo iliyopinduliwa. Alipomwona alisimama upesi mno.

"Mama Hayat! Karibu. Bon, kaa hapa kwanza. Hamimu iko... anajitayarisha na swala."

"Anajitayarisha, mi ni mugeni?"

"Apana, lakini ngoja kidogo..."

Asiya hakungoja. Alizunguka pikapu iliyokaa bila matairi, na nyuma yake akamkuta mumewe amechutama. Mbele yake palikuwa na kikopo cha masazo ya dizeli, rundo la mchanga, na gunzi la mahindi. Mkono wa kulia alikuwa amekwisha kuusugua, na ulikuwa ukitoa damu kwenye kila kiungo. Wa kushoto bado uling'aa.

"Baba Hayat, unafanya nini?"

Hamimu aliinua uso. Nafikiri hata angekamatwa akiiba asingeonekana vile.

"Natengeneza udhu."

"Na dizeli?"

"Dizeli ni mbele. Udhu ni nyuma yake."

Asiya alichukua birika la maji lililokuwa kando, akauvuta ule mkono wa kushoto, akaumwagia. Maji yalikimbia juu ya ngozi yakafanya matone, yakadondoka chini kama yanavyodondoka kwenye jani la gimbi. Ngozi ilibaki kavu. Akamwaga tena. Kavu. Na hapo yote yakamjia kwa mpigo, kamba ya Méthode, maji ya moto na sabuni ya mama yake kabla ya alfajiri. Maji yasipogusa ngozi hakuna udhu, na pasipo udhu hakuna swala, na mwanaume huyu hakuwahi kuacha swala hata barabara zilipofungwa. Kila adhuhuri na kila alasiri alikuwa akikaa nyuma ya gari bovu akijichuna alichopakwa asubuhi. Na kila alivyozidi kuchubuka, mkewe alizidi kuongeza nta.

"Tangu lini?" aliuliza.

"Tangu kahawa ya kwanza."

"Na hukusema!"

Mafundi wakachungulia juu ya pikapu.

"Hukusema! Mi naongeza nta, we unaongeza muchanga! Unakaa hapa unajinyonyoa kama kuku ya Idi! Mi natembea mpaka Carama, risasi zinalia, natafuta nta ya..."

"Carama?" alisema Hamimu.

Alisimama. Katika miaka yao yote Asiya hakuwahi kumwona uso ule.

"Ulienda Carama?"

"Jana. Ni nta tu nilienda kutafuta."

"Jana mi nilirudi nyumbani, nikakula, nikalala, na sikujua." Sauti yake haikupanda. "Nani alikuaga, Asiya? Siye wote hatutoke bila we kutushika. Na we ulienda kule, nani alikushika?"

Asiya alishika pindo la kanga yake kwa mikono yote miwili.

"Sikusema kwa sababu najua ile ya asubuhi si mafuta," Hamimu aliendelea. "Najua ni Ilyasi. Ningekwambia mafuta inazuia udhu, ungeacha. Na mi sikutaka uache. Mikono itapona siku moja. Ile asubuhi ikienda, hairudi."

Asiya akalia. Alilia kwa sauti, bila kujifunika, mbele ya mafundi ambao walianza wote kwa pamoja kutafuta spana chini ya magari. Kisha akachana pindo la kanga yake, akamfunga mkono wa kulia, akimkaripia katikati ya machozi kwamba anashika vibaya, kwamba ageuze huku, kwamba mwanaume mzima hajui hata kufungwa kitambaa.

Alipopata nguvu alienda kwa Zubeda, kwa sababu jambo lile lilikuwa zito. Nusu ya wanawake wa mtaa walikuwa wakipaka kahawa yake na kuswali. Alimwambia yote, akangoja kulaumiwa. Zubeda alicheka mpaka akashika ukuta.

"Mama Hayat, sasa unafikiri siye atujue? Mwanamuke gani hajue nta na maji? Siye tunapaka nyuma ya isha, alfajiri tunaosha na sabuni. Mi nilifikiri na bwana wako munafanya vile! Na mama yako alikufundisha kuosha miguu, we ulifikiri ni usafi tu?"

"Nilifikiri ni usafi."

"Ee Mola," alisema Zubeda, akifuta macho. Halafu akamshika bega, akakaa naye mpaka chai ikachemka.

Utaratibu mpya ulianza siku hiyohiyo. Baada ya isha Asiya alimpaka mumewe mikono miwili, nta kidogo, mafuta mengi kama mwanzo, na asubuhi kabla ya adhana akawasha jiko, akachemsha maji, akamwosha kwa sabuni mwenyewe. Hamimu alisema makaa ni ghali, ataosha kwa maji baridi. Akaambiwa anyamaze. Wiki hazikupita nyingi ngozi ikaanza kufunga, na Tajudini akaomba na yeye apatiwe kahawa, moja kubwa.

Lakini ile asubuhi ya kwanza, sina budi kuieleza, kwa sababu Asiya hakujua aiweke wapi. Mikono ya Hamimu ilikuwa imeoshwa, safi, mikavu, imekwisha kuswaliwa. Hapakuwa na cha kupaka. Kigoda kilikuwa mahali pake na hakuna wa kukikalia. Asiya alijipa kazi. Alifagia mahali palipofagiwa, akahesabia kuku makosa, akapanga vipande vyake katika kikapu kwa sababu siku ile alikuwa anavipeleka Jabe. Alisikia viatu vya Hamimu vikitoka chumbani, akainama zaidi juu ya kikapu. Alijiona mjinga, mwanamke wa umri ule kuogopa mlango.

Viatu vilisimama mbele yake. Aliona mikono miwili imenyooshwa, viganja juu.

"Sina kitu, Baba Hayat. Si tulisema ni usiku."

"Najua," alisema Hamimu. "Ulisema leo unaenda Jabe."

"Naenda, ndiyo."

"Basi lete mikono. Leo ni mi nakuaga."

Asiya aliweka kikapu chini, akampa. Viganja vya Hamimu vilikwaruza kama gome la mti, na bila shaka vilimuuma, lakini alivikaza. Tajudini, aliyekuja kumchukua Hamimu, akapiga honi barabarani, akapiga tena. Asiya, bila kugeuza kichwa, akampigia kelele asubiri.